Wamewanyang'anya Wazee Viazi

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje na hiyo baridi ya Njombe? Mimi huku Bariadi ni mzima wa mwili, ila nina hasira, na nisipokwambia wewe nitapasuka.

Unajua kazi yangu ya kutunza wazee kwenye makao haya. Msimu wa viazi vitamu walikuwa wanakaa uani asubuhi, wanamenya na kukata vipande vya kuanika. Huku wanaviita michembe. Waliimba, wakataniana, wakabishana nani anakata vinene. Wakiingia ndani wamechoka vizuri, na nikimwogesha Bibi Nkwimba ananifundisha Kisukuma huku akiucheka ulimi wangu wa Kibena. Jioni nilirudi chumbani nikiwa bado mtu.

Sasa tumeletewa msimamizi mpya kutoka Dar. Alipoona visu akang'aka, "Mnawatumikisha wazee!" Akavikusanya vyote, akaleta televisheni. Mama, wengi wao hata Kiswahili cha humo hawakifuati! Wanakaa mbele yake kutwa, mikono mapajani. Basi wanagombania viti, wanakataa uji, wanalia kwamba warudishwe kwao. Juzi nikimvisha Bibi Nkwimba alinizaba kofi, nami nikamfokea kama mtoto mtukutu. Akaniuliza taratibu, "Ng'wanone, mwanangu, nimekosa nini mpaka mkaninyima kazi?" Nilitoka nje nikalia. Hukunilea nifokee wazee. Na huyo msimamizi aliyeyaleta haya amekaa ofisini, hapigwi kofi na mtu.

Leo nimenunua viazi sokoni, nikaazima visu kwa majirani, nikawatoa wazee uani. Msimamizi akaja mbio, anahema. "Chagua, viazi au kazi!"

"Bosi, menya kwanza kimoja, ndipo unifukuze."

Wazee waliangua kicheko, Bibi Nkwimba akajifuta machozi kwa kanga. Msimamizi hakumenya. Ameniita ofisini kesho asubuhi.

Nisalimie shangazi mshona nguo, na yule mdogo wangu mkorofi, mwambie asome. Najua ukimaliza kusoma hapa utapiga magoti uniombee nivumilie. Usiombe hivyo, Mama. Kesho nikinyamaza, ipo siku nitampiga yule bibi.

Binti yako,
Yusta