Kuinuka Mezani kwa Mama Mueni

Alhamisi, Agosti 2007. Baridi imekaza hapa Kitengela, jua halijatoka tangu asubuhi, na upepo unaleta vumbi mpaka ndani ya sufuria. Mimi lakini niko na furaha, na nimekuja saiba, kwa kompyuta za kukodi, kuiandika kabla haijapoa.

Kwa wageni wa hii blogu: mimi ni Mama Wekesa. Nilisoma mpaka darasa la saba tu, lakini watoto wangu wamesoma hata ile sehemu yangu iliyobaki. Nekesa, aliyenifungulia blogu, anamaliza unesi Ijumaa ijayo. Kaka yake Wekesa anagawa karata kwa kasino Nairobi, suti nyeusi na tai, mikono yake huwezi kuifuata kwa macho. Ndiye alinifundisha poka, tukingoja maharagwe yaive. Mchungaji akisoma hapa anisamehe, ni sarafu tu.

Kila Alhamisi mchana tunacheza watatu kwa Mama Mueni, jirani yangu Mkamba. Wa tatu ni Yeyo Naserian, mama wa Kimaasai ambaye boma yake iko nyuma ya ploti zetu.

Kitu kinanisumbua akili wiki nyingi ni hiki: mtu anajuaje wakati wa kuinuka?

Kukaa ni rahisi, hata mtoto anakaa. Kuinuka ndio kazi. Yeyo hana shida. Ng'ombe wake wakipita dirishani wakirudi, anafunga shuka, anasema "Sere," kwaheri ya kwao, anaenda, awe amebeba pesa ya kila mtu au hajabakisha hata shilingi. Nimemwangalia sana. Ng'ombe hawamuulizi kama anashinda.

Mimi sina ng'ombe.

Nilimuuliza Wekesa. Nilidhani ataniambia toka ukishinda. Akasema, "Mama, karata hazijui kama uko juu ama chini. Inuka ukiona huchezi tena kama wewe." Maneno ya maana, na huyo nilimzaa mimi. Lakini nikabaki najiuliza: kwani mimi huwa nachezaje, ndio nijue siku sichezi kama mimi?

Halafu kuna chai. Kwetu huwezi kutoka kwa nyumba ya mtu hivi hivi. Ukisema "naomba njia," sufuria inapanda jikoni, na chai haikataliwi. Sasa ikichemka pole pole, tunafanya nini? "Tucheze moja tu, Mama Wekesa, chai iko karibu." Wiki iliyopita hiyo moja ilizaa zingine, na nikarudi nyumbani na chai tumboni tu. Nimegundua Mama Mueni haweki chai mpaka mtu aage. Huyo mwanamke ana akili.

Leo nilikalia bahati. Nilipata malkia watatu, halafu pea mbili nzuri, na Mama Mueni ananilipa huku anacheka na meno ya mbele peke yake. Sarafu zikawa kilima. Nikajua saa imepatikana: ile saa ya manesi ya kubandika kifuani, ambayo nimekuwa nikiiangalia kwa dirisha la duka. Pesa yangu ya kuuza mayai ingenifikisha hapo Krismasi, na Nekesa anamaliza Ijumaa.

Hapo ndipo nikaharibika, na sikujua. Nikaanza kuangalia sarafu badala ya nyuso. Mama Mueni akikuna sikio anadanganya, hiyo naijua kitambo. Leo akakuna, na mimi badala ya kumfuata nikatupa wafalme wawili kama maganda ya viazi. Nikatupa tena. Kilima kikaanza kuinama.

Mama Mueni akaniangalia. "Mama Wekesa, uko mgonjwa?"

"Niko sawa."

"Hapana. Tangu tukule hatujasikia habari za Nekesa."

Yeyo akacheka mpaka shanga zikalia. "Kweli. Hata suti ya Wekesa leo haijapita hapa. Huyu akinyamaza ndio tunakula pesa yake. Hata wiki ile alinyamaza."

"Sasa Yeyo, mbona unamwambia?" Mama Mueni akamgombeza.

Nikaweka karata chini.

Ni ukweli. Nikicheza vizuri nasifu watoto wangu, nacheka, naona kila uso. Nikiogopa, mdomo unafunga na macho yanafunga pamoja nao.

Nikaomba njia. Mama Mueni akainuka kuweka chai, karata zikiwa tayari zinachanganywa mkononi. "Moja tu, ikichemka." Nikafunga sarafu zangu kwa leso, nikamfuata jikoni. Nilikalia kigoda, nikapepea makaa mimi mwenyewe, na chai nikainywa huko huko ikiwa moto, mgongo nimepatia meza.

Yeyo akaita kutoka sebuleni, "Mama Wekesa, hii kiti bado iko na joto yako."

"Iache ipoe."

Niliinuka kabla ya ng'ombe. Hiyo mniandikie.

Mama Mueni alinisindikiza mpaka kona ya kinu cha unga, kama desturi, na njia yote nilimweleza vile mkono wa Nekesa ni mwepesi kwa sindano, wagonjwa wanamtafuta yeye, mpaka akasema, "Basi, sasa umepona." Nikapitia dukani. Saa iko hapa kando yangu nikiandika, inatembea vizuri. Nekesa hafungui blogu mpaka amalize mitihani, kwa hivyo nyinyi mnaosoma kabla ya Ijumaa, kuhusu hiyo saa mnaruhusiwa kunyamaza.

Lakini swali halijaisha. Leo kulikuwa na watu wawili wanaonijua, wakanisikia nimenyamaza. Siku nikikaa na watu wasiojua hata kama niko na mtoto, nani ataniambia? Mtu anasikiaje kimya chake mwenyewe?