Sanduku Lako na Bima ya Chumba Chetu

Yaya Donat, kaka yangu,

Wanasema nimechoma nyumba. Naanza na hilo kwa sababu sitaki ulisikie kwa mdomo wa mtu mwingine, na huko uliko najua watu wa mtaa wetu wa Katuba wanafika kila siku. Chumba chetu hakipo tena. Kuta zimesimama, lakini mabati yamejikunja, na ukiingia unaona mbingu. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeungua. Mimi sikuchoma kitu. Unanijua.

Nilikuwa Sakania, mpakani, na lori la tajiri, tukishusha mizigo. Umeme ulikuwa umekatika siku nyingi. Jumamosi mchana ulirudi kwa nguvu, na waya za chini ya bati zikashika moto. Vyumba vyote vinne vya lupango letu, ua wetu wa wapangaji, vilikuwa na bati moja. Ulikuwa ukisema tunalala wote chini ya kofia moja. Kofia imeungua, Yaya. Niliporudi niliwakuta majirani wamekaa kando ya majivu na vyombo walivyookoa. Walinitazama. Hakuna aliyeniambia pole.

Ni kwa sababu ya ile bima yako.

Naiita yako kwa sababu mimi sikuitaka. Unakumbuka yule bwana alipokuja depo kumwona tajiri wetu wa Butembo? Alipomaliza naye alitugeukia sisi wabeba mizigo, tumekaa juu ya magunia, akasema hata mpangaji wa chumba kimoja anaweza kuweka bima ya vitu vyake. Unalipa kidogo kila mwezi, na moto ukila godoro lako, kampuni inakulipa. Mimi nilikuwa natazama viatu vyake. Mwezi wa nane, mji mzima ni vumbi, na viatu vyake vinang'aa. Nikakunong'oneza kwamba mtu huyu hatembei kwa miguu, na siku ya kumtafuta hatutamkuta. Ulicheka hadi ukakohoa. Ukasema, "Mudogo, patron iko na makufuli tatu na bado analipa. Siye tuko na moja, tena inafungukaka na kijiko."

Nilibisha wiki nzima. Nikakuuliza kwani ile garanti ya pesa tuliyompa mwenye lupango tulipoingia ni ya nini, ukanijibu kwamba garanti inamlinda yeye, sisi haitulindi. Nikakuuliza ni mtu gani mwenye akili anayelipia balaa kabla haijafika. Kwetu Kongolo, ukimnunulia jeneza mtu ambaye bado anakunywa uji, ndugu zake watataka kujua umejuaje. Hukunisikiliza. Kila mwezi ulitoa bei ya mfuko mdogo wa makala ya kupikia, kwa ajili yetu wote wawili, na kila mwezi nilinuna.

Kisha kifua kikakuchukua. Sina maneno ya hapo, nayaruka.

Tulikuwa bado tumekaa kilio, wanawake wanaimba, yule bwana akaingia na viatu vyake kudai malipo ya mwezi. Nilimlipa upesi ili aondoke mbele ya watu. Mwezi uliofuata nikataka kuacha, nikaogopa. Nikasema moyoni, nikiacha leo moto utakuja kesho, kana kwamba ulikuwa unasubiri zamu yake. Niliogopa kuanza, sasa naogopa kuacha. Labda hivyo ndivyo wanavyotajirika.

Halafu sanduku lako. Ndugu zako wa damu walituma neno kwamba nguo za marehemu zirudi nyumbani, kama ilivyo desturi. Nikalifunga kwa kamba, nikalibeba kichwani mchana kweupe, nikalipeleka gare kwa mtu wa kwetu aliyekuwa anapanda treni ya kaskazini. Lupango lote liliniona nikitoka nalo. Wiki iliyofuata nyumba ikaungua. Sasa jiweke mahali pao: mtu katoa sanduku, mtu kaenda Sakania, moto umekuja, na kesho yake bwana wa bima anasimama kwenye majivu akipiga picha na kuuliza jina la mtu huyo huyo. Hata mimi ningejishuku.

Papa Kazadi wa chumba cha mwisho alianza kuniita "Monsieur Asiransi", yaani Bwana Bima. Nikipita, mazungumzo yanakatika.

Nawe unajua tunavyofanya hapa nyumba ikiungua. Mama Ngoie, jirani yetu wa mlango wa kushoto, alichukua beseni, akazunguka mtaa mzima. Watu wakatia unga, mashuka, sufuria, mishumaa, kila mtu alichoweza. Akarudi akakaa chini, akagawia vyumba vilivyoungua, kimoja kimoja. Alipofika kwangu alipita. Hakupita kwa hasira. Alisema tu, "Weye uko na asiransi, papa. Acha hii ikuwe ya bale bahana kitu."

Nililala depo juu ya magunia ya sukari, nimejifunika turubai. Nilikukasirikia, Yaya. Nisamehe. Ile bei uliyonitajia haikuwa na beseni ndani yake. Ulisema makala. Hukusema kwamba siku ya shida watu watanipita.

Na kampuni nayo ikanishuku. Kwa nini sikuwepo? Kwa nini nilitoa vitu kabla? Nani aliyewaambia habari ya sanduku, sijui mpaka leo. Nilitazama midomo ya kila mtu. Siku moja yule bwana akaja lupango kuwauliza majirani juu yangu, mimi mwenyewe nimesimama pale kama mbuzi wa kuuzwa. Akauliza kama nilikuwa na shida ya pesa, kama kuna mtu aliyenisikia nikisema jambo. Nikajua nimekwisha. Hao ndio walionisema wiki zote hizo.

Mama Ngoie alikuwa anafua. Hakuinua kichwa. Akasema, "Huyu? Huyu anaogopa hata kuwasha mbabula ya kupikia. Iko anaomba batoto bamuwashie makala. Atachoma nyumba na nini, na macho?" Watu wakacheka. Papa Kazadi akaamka kwenye kiti chake, akamshika bwana mkono, akamwonyesha mahali waya zilipoyeyuka, akamweleza saa umeme uliporudi na namna taa zilivyopasuka hata kwa jirani wa pili. Alieleza kama wakili.

Bwana alipoondoka nilimwambia Mama Ngoie asante. Akakamua nguo, akasema, "Asante ya nini? Siye benyewe njo tunaweza kukusema. Ule wa viatu, hapana." Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na ile sanduku ilikuwa na nini?"

Nguo za Donat, nikasema.

"Na ile chemise ya bleu, yenye alikuwa anavalaka ku misa?"

Hata ile.

Akaacha kufua.

Kampuni ililipa. Siamini mpaka sasa, lakini ililipa. Walisema baiskeli yako iliyoungua ilikuwa kuukuu, wakailipa kama kuukuu, na hapo hawakudanganya. Nilizipeleka noti juani moja moja kuzikagua. Nimenunua godoro, sufuria na gunia la unga. Gunia nililipeleka kwa Mama Ngoie alitie kwenye beseni lake. Alifungua kamba, akaonja kwa kidole kwanza, ndipo akalipokea.

Mwenye lupango ameezeka upya, na anasema hakuna atakayepewa ufunguo bila bima. Nahisi anakula na yule bwana. Papa Kazadi amekuja kuniuliza, akitazama pembeni, hiyo asiransi inalipwa vipi. Sijui kama anataka kuinunua au ananitega. Nimemweleza yote, pamoja na habari ya beseni.

Juzi yule bwana alikuja kuandika upya. Akaniuliza, kitu kikikupata, tumwite nani? Zamani tulitajana, mimi wewe, wewe mimi. Kongolo ni mbali, na mama hana simu. Nikasema, Mama Ngoie, mlango wa kushoto. Mwenyewe hajui bado. Nikimwambia ataniuliza ninataka nini kwake.

Lala salama, Yaya. Kabla ya mvua nitakuja kunyoosha msalaba wako, umeinama. Bima nitaendelea kulipa, na viatu vya yule bwana nitaendelea kuvitazama. Na Mama Ngoie nitamwambia kwamba nimemtaja, nakuahidi. Jumapili, baada ya misa, mbele ya watu wote, wasije wakasema tumenong'ona.

Mdogo wako,
Célestin