Taa ya Oili Imezimika

Jumanne

Eti kawaida! Tangu fundi Shikuku anifungie turbo kwenye gari langu, kila nikimuuliza presha ya oili inafaa kuwa ngapi, ananijibu, "Boss, hiyo ni kawaida, injini yako si ile ya zamani." Kawaida gani, na taa nyekundu ya oili inawaka kila injini ikipata moto? Presha ya oili ikikosekana, injini hukwama barabarani.

Leo mimi na mama yangu tumelirudisha gari kwenye gereji yake Khwisero. Baada ya saa moja taa ilikuwa imezimika. Nikamshukuru sana.

Jioni nimezungusha ufunguo bila kupiga stata. Injini ikiwa imelala hakuna presha, kwa hiyo taa ya oili lazima iwake. Taa za dashibodi zimewaka zote isipokuwa hiyo.

Hakurekebisha presha. Amechomoa balbu.

Na mimi nimetoka Khwisero na mama kando yangu, nikiimba.