Moshi wa Gobori la Orval

S.L.P. 42,
Kijito cha Hickory,
Missouri.
Jumapili, 24 Aprili 1988.

Mpendwa shemeji yangu Dwight,

Salamu nyingi kutoka nyumba hii ya kaka yako. Natumaini barua itakukuta mzima, na kwamba huko Alaska barafu imeanza kukuachia njia ya kutoka mlangoni. Mgongo unaendeleaje? Na lile goti ulilolalamikia wakati wa Krismasi? Kama bado unabeba makreti ya samaki kama kijana anayetafuta mchumba, acha, hakuna anayekuangalia. Mimi ni mzima wa mwili. Nakula, nalala kidogo, kuku wanataga. Mengine nitayasema humu humu, usiniharakishe.

Huku mvua zimekuwa nzuri na msitu wa nyuma ya ghala umechanua mweupe. Wiki iliyopita niliokota uyoga ukajaa beseni. Nikaukaanga kwa siagi, nikatenga mezani, ndipo nikaona kwamba nimekaanga wa watu wawili. Nimekwisha kuzoea kulala peke yangu, lakini kupika kwa mtu mmoja bado kunanishinda.

Sasa kuhusu binti yangu Janeen, ambaye ni mwanao pia. Alikuja mwezi wa pili na mumewe, wakiwa na gari kubwa tupu. Gari tupu, Dwight! Nilijua kilichowaleta kabla hajavua koti. Wamenitengea chumba kwao St. Louis, kimepakwa rangi mpya, dirisha linatazama maegesho ya magari. Akaanza, "Mama, ukianguka huku nani atajua? Mpaka mtu wa posta aone barua zimejaa?" Nikamwambia kwamba bado sijaanguka. Akasema, "Baba ndiye aliyekuwa anafanya kila kitu hapa. Wewe ulikuwa unapika na kuita bata mzinga tu, yeye ndiye aliyekuwa anawapiga."

Neno hilo liliniingia kwenye mfupa. Unanijua nikikasirika, mdomo unatangulia na akili inafuata nyuma inachechemea. Nikamwambia, "Msimu wa kuwinda ukifunguliwa nitamwita bata mzinga wa msituni mwenyewe na nitampiga mwenyewe, kwa gobori la babako. Nikimpata, nabaki hapa na hutaniuliza tena. Nikimkosa, uje na hilo gari lako."

Alicheka mpaka akakaa. "Haya, mama. Msimu ni wiki mbili tu, sawa?" Tukapeana mikono palepale jikoni. Basi nyumba nzima, na ghala, na kaburi la kaka yako pale mlimani, nikavitundika kwenye shingo ya ndege mmoja.

Gobori lenyewe unalijua, maana ulikua nalo. Baba yenu hakukubali bata wa kwanza wa msimu apigwe kwa bunduki ya kisasa, na Orval akaishika desturi hiyo kuliko alivyoshika kanisa. Kazi ya kulipima baruti na marisau ilikuwa yake peke yake. Mimi kazi yangu ilikuwa kukaa pembeni na kile kijisanduku cha mbao kinacholia kama bata jike, nimwite ndege mpaka aje, halafu nimwambie Orval kilichotokea. Si unajua moshi wa ile baruti nyeusi? Anayepiga haoni kitu, anabaki ndani ya wingu lake mwenyewe. Orval akishafyatua alikuwa anauliza humo humo ndani ya moshi, "Vipi, Vona?" Nami nasema, "Yuko chini, mzee," au, "Kakukimbia, kaenda kuwahadithia wenzake." Ilikuwa hivyo kila masika tangu tulipooana.

Kwa hiyo sikujua alikuwa anatia baruti kiasi gani. Kile kikombe chake cha pembe ya ng'ombe kipo, lakini kikombe hakisemi kama mwenyewe alikuwa anakijaza. Mimi nilidhani anakijaza. Nilichukua karatasi ya mfuko wa chakula cha kuku, nikachora kichwa na shingo ya bata mzinga (kilitoka kama kiatu, usicheke), nikaitundika kwenye robota la nyasi kavu kule malishoni. Nikamimina baruti kikombe kizima. Nikashindilia kadi ngumu kwa mdeki, ule ufito wake mrefu, kisha kizibo laini kilichopakwa mafuta ya nguruwe, kisha marisau, na juu yake kadi nyembamba ya kuyazuia yasimwagike. Nikapachika fataki, nikafyatua.

Niliona nyota mchana. Bega liliniwaka mpaka kwenye kiwiko. Moshi ulipopungua nikaenda kutazama: marisau yalikuwa yamekaa pembeni pembeni mwa karatasi kama wageni waliokataa kuingia ndani, na katikati, pale kwenye kichwa, peupe kabisa. Bata angeondoka zake anatembea.

Clete Hufstedler, jirani wetu wa ng'ambo ya kijito, alisikia mlio akaja bila kuitwa. Akainamia karatasi yangu, akakuna tumbo. "Vona, hilo gobori lina njaa! Liongezee baruti."

Nikaliongezea. Peupe pa katikati pakazidi kupanuka.

"Ongeza tena kidogo."

"Lete bega lako basi, Clete, tuongezee hapo."

Akacheka, akanywa kahawa yangu mpaka birika likakauka, akarudi kwake kumsimulia mkewe. Simlaumu sana. Kila mwanamume wa bonde hili angesema vilevile, maana hapa ndege akiwakwepa wao dawa yao ni kuongeza baruti.

Tatizo jingine lilikuwa vile vizibo laini. Orval alikuwa anavikata mwenyewe kutoka kwenye kofia zake kuukuu za sufu, kwa kile kipande cha bomba alichokinoa ukingo. Aliacha vichache, navyo vikaisha mara moja. Nikajaribu blanketi, likaungua vipande vipande na marisau yakaenda ovyo. Nikajaribu soli ya kandambili za ndani, ikawa mbaya zaidi. Nyumbani ilikuwa imebaki kofia moja tu, ile ya kijivu iliyokuwa msumarini kando ya mlango wa jikoni. Ndiyo, ile. Sikuwa nimeigusa tangu tumzike. Hata vumbi lake nililipitia pembeni.

Niliitoa msumarini siku ya tatu ya kuizunguka. Nilianza na ukingo wa nyuma, mahali ambapo yeye mwenyewe asingeona. Bado ilikuwa inanuka Orval, tumbaku na jasho na mafuta ya msumeno. Kila nilipofyatua, kipande cha kofia kilikuwa kinaruka na kuanguka nyasini kikifuka, nami nakwenda kukiokota na kukitia mfukoni. Sijui vya nini. Usiniulize.

Asubuhi moja nilikuwa nimesimama pale malishoni, gobori nimelipakia, bega limekuwa jeusi, karatasi mbele yangu nzima haina hata alama ya maana. Ndipo nikagundua kwamba nilikuwa natafuta kwa macho kitu nilichokuwa nakijua kwa masikio. Gobori la Orval halikuwa linapiga ukelele. Lilikuwa linatoa mlio mzito, wa chini, kama mtu ametua gunia la mahindi kwenye sakafu ya mbao. Mimi ndiye niliyeusikia mlio ule masika yote yale, kuliko hata yeye, maana yeye sikio la kulia lilikwisha kufa zamani.

Basi nikapunguza baruti. Likapiga ukelele. Nikapunguza tena, mpaka nikafika robo tatu ya kikombe, na marisau nikayaacha vilevile, kikombe tele. Gunia la mahindi likatua, Dwight. Sikwenda kutazama karatasi. Nilikaa chini kwenye umande nikalia kwanza, kwa sauti, maana hakuna wa kumficha. Nilipokwenda baadaye nikakuta kile kiatu changu kimejaa matundu kutoka kichwani hadi shingoni.

Msimu ulifunguliwa Jumatatu, ikanyesha. Jumanne na Jumatano ulikuwa upepo wa kubomoa mabanda, ndege hawakufungua midomo. Janeen alipiga simu jioni ya Jumatano. "Vipi, mama, tupange sanduku?" Nikamwambia apange la kwake.

Alhamisi kulipambazuka kimya. Nilipanda kule juu kwenye mwaloni wenye vigogo viwili, mnapopajua wewe na kaka yako. Nikaketi nimeegemea kigogo cha Orval, cha kwangu nikakiacha. Nikalia kama bundi, maana bata dume akisikia bundi alfajiri hujibu, na mmoja mkubwa akajibu kutoka ng'ambo ya bonde, mlio wa kumtoa mtu kofia. Nikagusa kijisanduku, mara chache tu, kisha nikakiweka chini. Hilo ndilo jambo gumu ambalo Janeen halijui: mtu mmoja anatakiwa kuita kwa mikono miwili na kulenga kwa mikono miwili hiyo hiyo. Nikikiacha kijisanduku mapema ndege anapoteza hamu, na nikichelewa ananiona. Nikakiacha, nikalinyanyua gobori juu ya goti, nikangoja.

Alikuja akijivuna, mkia ameutandaza, anasimama, anageuka, kama mzee wa kanisa aliyevaa suti mpya. Akainua shingo. Nikafyatua, na gunia la mahindi likatua sakafuni.

Halafu moshi. Asubuhi ile hakukuwa na hata upepo wa kutikisa jani, moshi ukakaa palepale, mweupe, mbele ya uso wangu. Sikuona ndege, sikuona mti, sikuona hata ncha ya mtutu wa gobori. Nikasikia mtu anauliza, "Vipi?" Ilikuwa ni sauti yangu mimi.

Na nilingoja jibu. Sikudanganyi, shemeji, niligeuza uso upande wa kile kigogo kingine na nikangoja. Hakuna kitu kinachochukua muda mrefu kama moshi huo ukiwa peke yako. Nimemzika mume wangu, nimepokea mikono ya watu, nimekula vyakula vyote walivyoniletea, lakini kwamba Orval hayupo nililijua pale.

Ulipoondoka, ndege alikuwa chini. Dume zuri, ndevu zake, yale manyoya ya kifuani, ndefu kuliko kiganja changu. Nikambeba mpaka nyumbani nikipumzika kwenye kila jiwe. Hivyo nimeshinda, na jana nilimwambia Janeen. Akasema, "Basi, mama. Nimekubali." Sijui kwa nini nilitamani abishe.

Nakuandikia wewe lile ambalo sikumwambia yeye. Nimepata haki ya kubaki, na sina hakika kwamba naweza. Kupasua kuni naweza. Gobori naliweza. Kuuliza kitu humu ndani na kusikia ukuta ndiko kunakonimaliza. Najua hukuweza kuja mazikoni, ndege zenu hazikuruka kwa dhoruba, na sijawahi kukuhesabia hilo. Lakini Aprili ijayo, Dwight, uje. Kigogo changu kitakuwa chako. Kuita nitaita mwenyewe, kupiga nitapiga mwenyewe, wewe utakuwa na kazi moja tu ya kuniambia. Asipokuwapo mtu wa kuniambia, nitampigia Janeen mimi mwenyewe aje na gari. Sikutishi, nakuarifu tu.

Shangazi yenu Oleta anakusalimu sana, kila nikienda kumwona ananiita kwa jina la mama yenu nami naitika. Clete na mkewe wanakusalimu. Watoto wa Janeen, Toby na Marcy, wanauliza kama umewahi kupigana na dubu. Nimewaambia ndiyo, kwa hiyo tunga kitu. Msalimie yule mzee Gus unayekaa naye chumba kimoja kambini, na mwambie aache kuvuta kitandani.

Mungu akutunze kwenye maji hayo baridi na akurudishe huku ukiwa mzima, goti na yote.

Kofia imebaki upande wa mbele tu. Nimeipima kwa lile bomba, inatoa vizibo viwili. Kimoja ni cha kujaribia.

Ni mimi shemeji yako, mwenye kukupenda hata ukichelewa kujibu,

Lavona