Atieno Analala kwa Nani

Kawangware, Alhamisi, Julai 1996

Baridi ya leo ni ile ya kuingia mpaka kwenye meno. Manyunyu tangu asubuhi, jua halikujisumbua kutokea, na viatu vyangu viko mlangoni juu ya gazeti, matope mpaka kwenye kamba. Nimechemsha chai, nimeinywa, nimechemsha nyingine. Njaa sina. Nina hamu ya mtoto ambaye si wangu, na ni afadhali niiandike hapa kabla sijaanza kujidanganya kwamba ni uchovu.

Leo nimemrudisha Atieno kwao.

Kazi yangu, kwa asiyeijua, ni kuingia nyumba za watu bila kualikwa na kuamua kama watoto wao wako salama. Naangalia kama kuna maji na kitu cha kupika. Nauliza nani anabaki na mtoto mama akitoka. Naongea na mama peke yake, halafu mtoto peke yake, nione kama maneno yao yanakutana. Nikiona kidonda nauliza kilitokana na nini, kisha nakitazama chenyewe nione kama kinakubaliana na jibu. Halafu naandika. Afisa wa watoto anayetia sahihi hafiki mtaa wa mabanda wa Laini Saba. Anasoma nilichoandika mimi. Kwa hiyo nikikosea, hakuna wa kunisahihisha ila mtoto, na mtoto hana kalamu.

Habari za Atieno zililetwa na mwalimu wake wa nasari. Ana miaka sita. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa, chini yake pameungua, na mwalimu alitaka mtu aende aone kwao kukoje. Nikaenda. Mama Atieno ni mwanamke mwembamba, mwepesi, anayefua nguo za watu kwenye estate na kutoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Nyumba ni chumba kimoja karibu na reli: kitanda, pazia, stovu, na godoro lililokunjwa pembeni. Godoro ni la ndugu yake, kijana aliyekuja kutoka kwao kando ya ziwa kutafuta kazi. Siku hiyo alikuwa amekaa papo hapo, anatengeneza redio.

Nikauliza Atieno analala wapi. Mama yake akasema, kwa kukhu, mlango wa tatu.

Kukhu ni nyanya, kwa lugha yetu sisi Waluhya. Mama Atieno ni Mjaluo. Hapo tu ningesimama nikajiuliza imekuwaje Mjaluo amwite mwanamke mzee wa jirani kwa neno la nyumbani kwetu. Sikujiuliza. Niliuliza kile fomu inachouliza: mnahusiana? Akasema hapana. Mtoto aliungulia wapi? Kwa kukhu, uji ulimwagika. Kadi ya kliniki iko wapi? Anayo kukhu.

Mvua ilikuwa inanyesha. Nilikuwa na nyumba mbili zaidi za kwenda Soweto, mtaa wa jirani. Niliona nimesikia ya kutosha.

Nikaandika: "Mtoto hulala kwa jirani asiye jamaa, ambako ndiko alikoungulia. Hakuna ushahidi wa matibabu." Kila neno ni la kweli, na sijawahi kuandika uongo mkubwa kuliko huo. Siku mbili baadaye Atieno aliondolewa, akaletwa kwenye makao ya watoto huku Kawangware, dakika kumi kwa miguu kutoka chumbani kwangu. Mama yake hakupiga kelele. Alimfunga mtoto sweta vifungo vyote mpaka cha shingoni, akarudi ndani.

Makao hayo ni mazuri, nisiwasingizie. Kila mtoto ana kitanda chake, na matroni anajivunia jambo hilo kwa kila mgeni. Ila Atieno hakukitaka kitanda chake. Kila asubuhi wanamkuta sakafuni jikoni, ameburuta blanketi mpaka kwa mpishi anayelala humo, wamelala mgongo kwa mgongo. Wakimrudisha kitandani anakaa tu, macho makavu, anasubiri watoke. Matroni akaniambia huyu mtoto ana shida. Nami nikaitikia kwa kichwa, kama mtaalamu.

Nikaanza kupitia pale jioni nikitoka kazini. Mara ya kwanza ilikuwa kazi. Mara ya pili nilisema ni kazi.

Atieno si mtoto wa kukurukia. Anakuja taratibu, anasimama kando yako kama anayesubiri foleni ya maji, halafu unashtukia uzito wake wote uko kwenye ubavu wako. Ananuka sabuni ya mche na moshi. Siku moja alilala hivyo hivyo mapajani mwangu nikiwa kwenye benchi nje ya jikoni, na mguu wangu ukafa ganzi, na sikuusogeza.

Sasa niseme la pili, kwa maana hilo ndilo linalonitafuna.

Nina mtoto. Anaitwa Nekesa, ana miaka mitano, na yuko Kimilili kwa mama yangu tangu alipoachishwa ziwa. Mshahara wangu na chumba hiki na saa zangu za kazi haviwezi kumlea; nimeshaeleza hivyo kwa watu wengi mpaka maneno yamekuwa laini. Krismasi iliyopita nilishuka kwenye basi na mfuko wa mikate na viatu vipya. Viatu vilimbana. Alimwita mama yangu "mama", mimi akaniita "auntie wa Nairobi". Wote wakacheka, nami nikacheka kuliko wote, kisha nikaenda chooni nikalia huku nikishikilia mlango kwa mkono, maana hauna komeo.

Kwa hiyo kichwa cha Atieno mapajani mwangu hakikuwa kichwa cha Atieno peke yake. Nilijua. Niliendelea kupitia.

Wiki ya pili nilirudi Laini Saba kwa ukaguzi wa kawaida. Mama Atieno alikuwa ameenda kufua. Mlango wa tatu ulikuwa wazi, na mwanamke mzee alikuwa ameketi ndani anachambua mboga ya kunde. Nikapiga hodi. Akanitazama kuanzia viatu.

"Wewe ndio ule wa kuandika," akasema. "Umekuja hapa plot mara tatu. Mara mbili za kwanza umepita mlango yangu. Hata hodi haukusema."

Nikamwambia nimekuja sasa. Akaniachia nafasi niingie, lakini kiti hakunipa. Niliona kitanda kimoja kipana na mto wenye alama mbili za vichwa, kubwa na ndogo. Gauni la Atieno lilining'inia msumarini, limepigwa pasi. Kukhu aliinua pembe ya godoro akatoa kadi ya kliniki iliyofungwa kwenye karatasi ya nailoni. Alimbeba mtoto mwenyewe siku ileile ya uji, akampeleka kufungwa bandeji, na kila tarehe ya kubadilishwa ilikuwa na alama yake. Hakukosa hata moja, mpaka siku tuliyomchukua.

Nikamwuliza kwa nini mtoto halali kwa mama yake. Mzee akaweka mboga chini.

"Huyo kijana alikuja mwezi wa nne. Ndugu ya mama. Nyumba ni moja. Hakuna mtu amesema kijana ni mbaya. Lakini msichana anakua, halali chumba moja na mwanaume, hata kama ni mjomba. Si hata kwenu ni hivyo?"

Ndiyo. Hata kwetu ni hivyo. Mimi mwenyewe nililala kwa kukhu wangu tangu meno ya mbele yaliponitoka, mimi na binamu zangu wanne kwenye ngozi moja, na hakuna aliyetuona kama tumetupwa.

"Sasa mama yake hangeniambia?" nikauliza.

"Angekuambia aje? Na kijana alikuwa amekaa hapo hapo, anasikia. Amwambie ndugu yake ati namtoa mtoto juu yako?"

Kumbe kile nilichokiandika kama hatari ndicho kilikuwa ulinzi wenyewe. Mama yule alikuwa ameshafanya tathmini yake bila fomu, akahamisha mtoto milango miwili, bila kumwaibisha mtu. Nikaja mimi na mkoba nikauvunja ulinzi huo kwa mistari miwili. Nilimwomba Kukhu msamaha kwa Kibukusu, lugha yetu sote wawili. Aliniuliza tu kama Atieno analala.

Nikasema analala. Sikusema wapi.

Ningeandika ripoti mpya jioni ileile. Taipureta ipo ofisini, ufunguo ninao, na maneno nilikuwa nayo yote. Nikaandika baada ya siku sita. Siku sita! Kila asubuhi nilijiambia leo, na kila jioni nikapita makao, nikakaa kwenye benchi lile, nikasubiri ule uzito. Mama yake alikuwa anamlilia upande mmoja wa mji, Kukhu anamlilia mlango wa tatu, na mimi niliyewatoa machozi nimekaa Kawangware namkumbatia. Afisa aliposoma alivua miwani, akalinganisha tarehe ya ziara na ya ripoti, akaniuliza kulikoni. Nikasema taipureta iliharibika. Alitia sahihi.

Haya, nimeungama. Hakuna padri hapa, ni karatasi tu.

Leo basi tukaenda, Atieno na mimi, tumeshikana mikono kwenye matope. Tulipovuka reli aliuachia mkono wangu akatangulia. Nilidhani atakimbia. Hakukimbia. Alisimama mlangoni kwa mama yake mpaka alipoambiwa karibu, kama mgeni. Mama Atieno alimvuta ndani na kumpapasa kichwa, mabega, mkono ulioungua, akimhesabu kama nguo za mwenye nyumba. Alilia kidogo, akajifuta haraka, kisha akanionyesha kitu.

Kando ya kitanda chake palikuwa na godoro dogo jipya, bado liko kwenye plastiki.

"Atakuwa analala hapa hapa, madam," akasema. "Ndugu yangu ameenda kukaa na marafiki huko Makina. Kwa watu simpeleki tena. Andika tu hivyo."

Kukhu alikuwa amesimama nje, chini ya ukingo wa mabati, maji yakimdondokea begani. Hakuingia. Alikuwa amefunga leso safi na alikuwa ameshajua kwamba hataitwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sahihi ya afisa haikurudisha kitu. Nilikuwa nimemfundisha mama huyu kwamba jirani ni hatari kwa mtoto. Nikachuchumaa, nikamwuliza Atieno mwenyewe anataka kulala wapi. Nilitaka aseme jina moja tu nipate nguvu ya kulitetea.

Alimtazama mama yake. Akautazama mkoba wangu. Akanijibu kwa adabu:

"Nitalala penye madam ataandika."

Miaka sita.

Nilitoa fomu na kalamu, nikaiweka gotini, nikaandika analala kwa Kukhu, na kwenye kile kisanduku cha uhusiano: nyanya yake. Nikasoma kwa sauti ili wote wasikie, hata wa nje. Mama Atieno akaniuliza kama afisa ataliona neno hilo. Ataliona. Akauliza kama hatutakuja tena kumchukua. Sikuweza kuapa. Nilimwambia nilikosea mimi, si yeye, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa amemlinda mtoto vizuri kuliko sisi sote. Alinisikiliza kwa macho ya mtu anayepima uzito wa mfuko kabla ya kulipa. Mwishowe akageuka mlangoni akaita, kwa sauti ndogo, "Kukhu, si uingie, unanyeshewa."

Mzee hakuingia. Alinyoosha mkono tu. Atieno akaupokea, wakaondoka kwenda mlango wa tatu, na hakuna aliyegeuka kunitazama. Ndivyo inavyotakiwa. Mtoto aliyefika kwao hana sababu ya kugeuka. Nilisimama kwenye mvua nikiwa nimefanya kazi yangu sawasawa, na kifua kinaniuma kama niliyeibiwa.

Njiani kurudi nilipita makao kuchukua sweta alilolisahau. Mpishi aliniambia jikoni patakuwa na baridi leo. Nikamwambia ndiyo.

Sasa nimekaa hapa najiuliza ninalowauliza wengine. Akija mtu na fomu Kimilili, amwulize Nekesa mama yake yuko wapi, atamwonyesha nani? Na akimwonyesha mwanamke anayelala naye kila usiku, atakuwa amekosea?

Kesho nitaomba ruhusa ya siku nne niende Kimilili. Kila mara nilipoliwaza jambo hili nilijiona nikirudi na Nekesa, nimemshika mkono, tunashuka pamoja kwenye basi. Leo sijui. Sijui kama ni haki kumtoa kwenye mgongo anaoujua kwa sababu tu ni mimi ninayeumia. Nimeshamfanyia hivyo mtoto mmoja.

Nitakwenda tu. Kitanda cha mama yangu ni kipana. Nitaomba nafasi.