Kamera Yenye Kidirisha

Kiandutu, Thika
Novemba 1998

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha dada yangu Nekesa anayekusomea, kisha kila aliyeketi hapo jikoni kusikiliza, maana najua barua zangu hazisomwi na mtu mmoja. Mguu wako unaendeleaje? Kwenye yale maji ya chumvi bado unauloweka jioni, ama umeacha kwa sababu sipo kukusumbua? Na ng'ombe, alizaa? Dada yangu aliandika kwamba siku zimekaribia, kisha akanyamaza. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, na kikohozi cha vumbi hakijaniacha, lakini ninakula na ninalala, na leo nina furaha ambayo sijawa nayo tangu nitoke nyumbani.

Nekesa, ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine ndogo. Usiifungue mpaka nikwambie. Na usiruke mstari wowote, hata pale utakapoona nimekutaja.

Mama, nimenunua kamera.

Usimwambie aikunje barua, tafadhali. Nakumbuka ulivyoniandikia, kwamba harusi ya Nekesa mwezi ujao itafanyika bila mpiga picha, na akikanyaga boma lako utajifungia ndani mpaka aondoke. Chini ya maneno yako Nekesa aliongeza yake, madogo madogo, kwamba bibi harusi ambaye mama yake hayumo kwenye picha ataonekana kama yatima. (Pole, Nekesa. Nilikwambia usome yote.) Nimekaa na barua hiyo tangu mwezi uliopita, nikiwaza nifanyeje.

Sikulaumu, Mama. Mimi pia nilikuwepo siku tuliyomzika Baba. Nilimwona yule mtu wa tai nyekundu na kamera yake kubwa kama kichwa cha ndama, akituamuru tusogee huku, tusimame kule, wewe uweke mkono juu ya jeneza. Alimulika flashi kuanzia asubuhi mpaka watu wakamaliza kula. Halafu tukangoja picha, tukangoja, hadi Mjomba alipomkuta sokoni na kumlazimisha afungue kamera. Ilikuwa tupu. Alikuwa anatupigia mwanga tu, hakuna filamu. Na wakati huo kitambulisho cha Baba tulikuwa tumekwisha kukirudisha kwa chifu, kama sheria inavyotaka mtu akifa, na ule uso wake mdogo ukaenda nacho. Ndiyo maana ukutani kwetu kuna kalenda na msalaba, lakini Baba hayupo. Naelewa kwa nini hutaki kusikia neno kamera. Lakini sitaki mwaka mwingine upite nawe pia usiwe na picha hata moja.

Sasa nikueleze kazi yangu, ndipo uelewe nilivyoipata hii. Bado niko machimboni, upande wa Ruiru. Tunachonga mawe ya kujengea na kuyapakia kwenye malori. Wiki nzima tunalala hukohuko kwenye vibanda vya mabati, na Jumamosi jioni narudi hapa Kiandutu kwenye chumba tunachopanga pamoja na Mutua, yule rafiki yangu Mkamba niliyekutajia. Kazi ni ile ile. Mgongo unauma, viganja vimekuwa kama visigino, na vumbi linaingia hadi kwenye chai. Sikufichi. Kama ningesoma zaidi ya darasa la sita labda ningekuwa mahali pengine, lakini ndipo nilipo.

Nyapara wetu ana kamera kubwa aliyoachiwa na kaka yake. Nilimwomba aniazime Jumamosi moja nijifunze, maana nilisema nikifika nyumbani lazima nijue ninachofanya. Nikanunua filamu, akanionyesha jinsi ya kuiweka. Nikawaita wachonga mawe wasimame mbele ya mwamba.

Hapo nikavuna nilichopanda. Mimi ndiye niliyewahadithia kisa cha yule mtu wa tai nyekundu, na wao walikuwa wamekishika vizuri.

"Wanjala, hiyo kitu ina filamu, ama ni ya matanga?" Kamau akauliza. Huyo ndiye mchonga mawe hodari kutushinda sote, na mdomo wake ni mkali kuliko patasi yake.

"Iko."

"Fungua tuone."

"Nimesema iko, bwana."

"Hata yule wa tai alisema hivyo hivyo. Fungua, buda. Hatuwezi kunawa uso bure."

Nikafungua. Wakainama wote, wakaona filamu, wakaitikia kwa kichwa. Nikafunga, nikapiga. Wakaja wapakiaji wa malori, nao wakasema fungua. Nikafungua. Wakaja akina mama wanaotuuzia githeri ya mchana, na mmoja wao hakutosheka na kuona, akaigusa kwa kidole. Nilipiga picha mpaka filamu ikaisha, na kila kundi niliwafungulia kwanza na tena mwishoni, nikijiona mimi ndiye mpiga picha mwaminifu kuliko wote katika Kenya hii.

Wiki iliyofuata dada wa studio pale Ruiru alinitolea utepe mweusi ti, akaushika kwa ncha mbili kama mtu aliyeshika nyoka mfu.

"Kaka, hii filamu uliianika pamoja na nguo?"

Hakuna picha hata moja iliyotoka, Mama. Filamu ikiona mwanga wa jua inaungua yote. Tuliiua sisi wenyewe kwa kuogopa kudanganywa. Na kule machimboni nikapewa jina jipya, Giza. "Giza ameamka." "Giza, lete sururu." Hata nyapara alinirushia kofia, akasema, "Chukua, Giza, funika kichwa kabla nacho hakijaungua." Nilicheka nao, lakini usiku nilijua nina shida. Wanaume wazima walikataa kupigwa picha bila kuiona filamu kwa macho yao. Je, wewe ungekubali? Nisipofungua, utaingia ndani na kufunga mlango. Nikifungua, nitaichoma harusi nzima.

Jumamosi nikaenda na Mutua kwa Mzee Saidi hapa Thika, fundi wa saa na redio ambaye pia anauza kamera za mkono wa pili. Ni Mwislamu, mtu mpole, na hakuharakishi hata ukishika kila kitu dukani. Akanitandikia kitambaa juu ya meza, akaweka kamera tatu.

Ya kwanza ilikuwa kubwa, ina kioo kirefu na mkanda wa ngozi. Mutua akaivaa shingoni palepale. "Chukua hii. Harusini watu wanaheshimu kitu kinachoning'inia. Ukienda na kadogo watasema umekuja na mswaki."

Nikaishika. Ni nzuri, lakini nzito, na betri yake haipatikani hata Thika bila kutafutwa, sembuse sokoni kwetu. Tena mimi nasafiri usiku. Nikishuka stendi alfajiri na kitu kama hicho shingoni, kitafika nyumbani kwa wezi kabla mimi sijafika kwetu.

Ya pili ilikuwa bapa kama sabuni iliyokwisha nusu. Inaingia mfukoni vizuri, lakini inataka filamu ya aina yake, na Mzee Saidi mwenyewe akasema, "Filamu hiyo nilikuwa nayo mwaka juzi." Nikairudisha.

Ya tatu ilikuwa nyeusi, ndogo, haizidi kiganja. Flashi iko ndani yake, kwa hiyo hata jikoni kwako kwenye giza itaona. Inatumia betri mbili ndogo, zile za redio, ambazo hata duka la pale njia panda linazo. Filamu unaisogeza kwa kidole gumba, na hakuna kioo cha kuzungusha huku na huku. Unatazama, unabonyeza.

"Hii ni ya watalii wasiotaka taabu," Mzee Saidi akasema. "Unaitia kwenye soksi, soksi unaitia kwenye begi, unasafiri."

"Mzee, mimi shida yangu si kusafiri tu," nikamwambia. Nikamsimulia yote, mazishi ya Baba, machimbo, utepe mweusi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukata neno. Kisha akasema, "Nasikia Nairobi zimeingia kamera nyingine mpya, ndogo kama hii, na hazina filamu kabisa. Picha zinakaa ndani kwa umeme, kama kompyuta. Siku moja zitafika huku kwetu."

Mutua alicheka mpaka akaishika meza. "Mzee, hiyo isiyo na filamu ilifika kwao Bungoma zamani! Ilipiga mazishi mazima!"

Nisamehe, Mama, nami nilicheka. Ni mara ya kwanza nimecheka juu ya jambo lile, na sikujisikia vibaya. Mzee Saidi naye alijifuta macho. Halafu akaigeuza ile nyeusi, akanionyesha mgongo wake.

"Tazama hapa, kijana. Soma."

Mama, kwenye mlango wa nyuma kuna kidirisha. Ni kidogo, upana wa ukucha, kimefungwa kwa kioo. Ukichungulia unaliona kopo la filamu lililomo ndani, rangi yake na maandishi yake, na mlango umefungwa vilevile, jua haliingii. Nilikiangalia muda mrefu. Mutua alikuwa bado anasifu mkanda wa ngozi, lakini mimi nilikwisha maliza kuchagua.

Sikutaka kuja kuijaribu kwako kwanza. Nilianza na Cucu, mama wa mwenye nyumba hapa tunapopanga, ambaye ni wa rika lako na kichwa chake ni kigumu kama chako. Nilimkuta nje anachambua maharagwe.

"Hiyo ni kamera ama ni kibiriti?"

"Ni kamera, Cucu. Nikupige moja?"

"Ile ya harusi ya mjukuu wangu kule Kamenu ilikuwa kubwa hivi, na bado sikuonekana. Sembuse hiyo."

"Chungulia hapa nyuma."

Akaisogeza mpaka karibu imguse pua. "Ni nini hiyo ya njano?"

"Ndiyo filamu yenyewe."

"Na ukipiga itabaki humo?"

"Itabaki. Tena ona namba hapa juu, itasogea."

Akafikiri. "Piga kwanza hiyo kuku."

Nikapiga kuku. Nikasukuma kwa kidole, akachungulia kidirisha, akatazama namba, akachungulia tena. "Ngai! Ngoja nivae kitambaa cha kanisani."

Nikampiga Cucu na kitambaa chake. Nikampiga na mwanawe. Jumatatu nikaenda nayo machimboni, na huko Kamau aliwapanga wachonga mawe foleni, mmoja mmoja wakainama kuchungulia kidirisha, kama watu wanaomkagua bwana harusi. Hakuna aliyesema fungua. Nilipozipeleka kuoshwa, dada wa studio alizihesabu mbele yangu, akasema, "Leo hukuanika." Zote zimetoka, Mama! Zote, hata kuku. Cucu anatembea na yake ndani ya Biblia na kumwonyesha kila anayepita, na machimboni jina la Giza limekufa. Kamau mwenyewe alisema, "Kuanzia leo huyu ni Wanjala." Nilisikia kama nimepandishwa cheo.

Kwa hiyo ninakuja. Nimepewa ruhusa ya harusi. Kabla sijabonyeza kitu chochote nitakuwekea kamera mkononi, uchungulie mpaka uridhike, na ukitaka tuanze na kuku, tutaanza na kuku. Kisha utakaa katikati, Nekesa kulia kwako.

Nisalimie Mjomba Wekesa, aliyemshika yule mtu sokoni. Mwambie yeye atachungulia wa pili. Nisalimie Shangazi Nasimiyu na magoti yake, na shemeji mtarajiwa, ambaye nasikia ameanza kujifunza kufunga tai. Asichague nyekundu. Mwambie Kukhu, mama yake Baba, kwamba nimemwekea ubani ule anaoupenda.

Sasa, Nekesa, fungua ile bahasha ndogo.

Kuna picha mbili. Hiyo yenye kitambaa cheupe ni Cucu, Mama amwone aliyemtangulia kuchungulia. Hiyo nyingine umpe Mama aishike mwenyewe, msogeze karibu na mlango kwenye mwanga.

Mama, hiyo ilikuwa ya mwisho kwenye filamu. Ilikuwa Jumamosi, ndiyo nimefika tu kutoka machimboni na kofia ya nyapara kichwani, sijanawa. Mutua akasema, "Simama hapo tumalize hii." Sikujipanga. Nilikuwa nimechoka, nikaegemea mlango, nikakunja jicho moja kwa sababu ya jua. Vumbi la mawe limenijaa kwenye nywele na ndevu mpaka zimekuwa kama mvi.

Nilipoitoa studio nilidhani nimepewa bahasha ya mtu mwingine. Ilibidi nikae kwenye ngazi. Dada yule akachungulia juu ya bega langu.

"Na huyu mzee ni babako?"

Nikamwambia ndiyo.

Itundikeni pale kati ya kalenda na msalaba.

Mwanao,
Wanjala