Jina la Nusu Mlima

Chumba cha Kujalidi Vitabu,
Maktaba Kuu.
Jumanne, tarehe 14 Mei.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu nyingi. Hujambo wewe? Wifi yangu hajambo? Na mtoto, kile kikohozi kimemwachia? Sisi huku tu wazima, ila mama magoti yanamsumbua, na mimi macho yameanza kudai miwani. Najua nimekaa kimya sana. Nikisingizia kazi nitakuwa naongopa. Sikuwa na uso wa kukuandikia.

Wiki iliyopita nililetewa kitabu cha zamani cha mtu aliyezunguka milimani miaka mingi akiandika habari za mawe, ndege na maua. Mgongo wa kitabu umeachia, kurasa zinadondoka. Kazi yangu ni kushona na kupaka gundi, si kusoma, na msimamizi wetu hachoki kunikumbusha. Lakini nilipofika kwenye mlima wetu, sindano ilinibaki mkononi.

Ameuandika kama mtu aliyekuwa akitembea nyuma yetu. Kile kijito unachokisikia kabla hujakiona. Lile jiwe pana tulipokuwa tukivua viatu na kula mayai ya kuchemsha, wewe unanipa la mwisho halafu unalitazama kila ninapotafuna. Nilicheka peke yangu, kisha nikageuza ukurasa.

Hapo anaeleza ukungu wa kwenye ukingo wa mwisho. Anasema hushuka ghafla karibu kila asubuhi, na mtu akikaa chini kwa muda wa kuchemsha chai, huondoka wenyewe. Muda wa kuchemsha chai tu, mdogo wangu.

Siku ile ulipotushukia sisi pale, wewe ulitaka tungoje. Mimi ndiye niliyeogopa, nikakushika shati, nikasema turudi. Tulipofika nyumbani baba akauliza kwa nini hatukufika kileleni, nami nikawahi kujibu kwamba wewe uliishiwa pumzi. Ulinitazama, ukainama kufungua viatu. Tangu hapo ukaitwa Nusu Mlima. Hata siku ya harusi yako wajomba walilirudia jina hilo, nami nikacheka pamoja nao. Wala hukupanda tena mlima wowote, wewe uliyekuwa ukiniamsha alfajiri kwa kunivuta blanketi. Hilo linaniuma kuliko jina.

Baba alifariki akiamini uongo wangu, na kwa hilo sina la kufanya. Jumapili niliwaambia waliobaki, tukiwa mezani. Shangazi akaniuliza, "Sasa miaka yote hiyo ulikuwa unangoja nini?" Mjomba, unamjua kwa utani, akanisogezea bakuli: "Haya basi, Nusu Mlima, kula." Wakacheka wote isipokuwa mama. Aliweka kijiko chini, akasema tu kwamba hukustahili jina lile.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Naomba uje likizo, twende tena. Nitapanda polepole, na nitalalamika njia nzima, hilo ulitarajie. Ila ukungu ukishuka, nitakaa chini nichemshe chai.

Mama anakusalimu sana, na shangazi, na mjomba asiyechoka mizaha. Kitabu kimekauka gundi, kesho kinarudi rafuni. Mungu awalinde nyote watatu, awape afya na usingizi mzuri.

Wako akupendaye, japo nimechelewa kulisema,
dada yako,
Nusu Mlima.